Kiwanja cha Pembea



Nilipoombwa kuzungumza jioni hii hapa Malangali, Sumbawanga, niliachiwa nichague mada mwenyewe, nami nimechagua pembea. Mji wetu una mambo mengi mazito: mbolea, maji, bei ya mahindi, ufaulu wa watoto shuleni. Kila moja linastahili jioni yake. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa na desturi ya kuwauliza watu wazima swali moja: ulipokuwa mtoto, ulifurahi wapi kuliko popote? Wengi hutaja sikukuu. Ukiwadadisi zaidi watataja kiwanja, na ndani ya kiwanja watataja kitu kinachoning'inia au kinachozunguka. Mtu wa Mombasa atakuambia Makadara. Wa Unguja atakuambia Mnazi Mmoja, au Kariakoo. Wa Chake Chake atakuambia Tibirinzi. Mfipa wa kijijini atakuambia mti fulani uliokuwa na kamba, na atakuonyesha kwa mkono mahali uliposimama, hata kama uliangushwa zamani.

Watu hawa wamekulia mbali mno mmoja na mwingine, wana dini tofauti na vyakula tofauti, na bado wanakumbuka kitu kilekile. Nimelifikiri sana jambo hilo, na hoja niliyonayo ni hii: pembea ni mali ya kiwanja kabla haijawa mali ya mwenye mashine. Pakiwa na kiwanja cha watu wote, pembea huja yenyewe, iwe ya kamba, ya gogo au ya chuma. Kiwanja kikishachukuliwa, hata mashine ya mamilioni ya fedha haitaacha mioyoni mwa watu kile ninachokizungumzia leo.

Nianze na pembea za kwetu.

Ya kwanza kila mmoja wetu anaijua. Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya majani na upepo, miti mikubwa ya kuning'iniza kitu si mingi, kwa hiyo mti wenye tawi imara ulijulikana na watoto wa vitongoji vitatu. Kamba ilikuwa ya magome, baadaye ikaja ya katani, baadaye tena ikaja mipira ya ndani ya matairi iliyokatwa vipande virefu na kusokotwa. Kalio lilikuwa kipande cha ubao, au fundo tu. Mtoto alisukumwa mara alizokubaliwa, wenzake wakihesabu kwa sauti, kisha akateremka bila ubishi. Ubishi ukizuka, aliyeamua alikuwa dada mkubwa yeyote aliyekuwepo, awe wa nyumba yako au asiwe.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na vijana wengi wa mjini hawajaiona. Tulitafuta kisiki kilichokatwa usawa wa kiuno, kichwa chake tukakichonga hadi kikachongoka. Kisha tukapata gogo refu, jepesi lakini gumu, tukalitoboa katikati kwa chuma cha moto, tundu lisitokee upande wa pili. Gogo likavikwa juu ya kisiki. Mtoto mmoja akakaa ncha hii, mwingine ncha ile, na wa tatu akasukuma akikimbia hadi miguu ikimzidi. Gogo likazunguka, likipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Ndani ya tundu tulitia mkaa uliosagwa na maji kidogo, na hapo gogo lililia kwa sauti kali iliyosikika ng'ambo ya bonde. Sauti hiyo ndiyo iliyowaita wengine. Hapakuhitajika mjumbe.

Ndugu zangu, angalieni kulikuwa na elimu kiasi gani pale. Mtoto mzito alipopangwa na mwepesi, mzito alisogea karibu na kisiki na mwepesi akabaki nchani, na gogo likasawazika. Hakuna aliyetufundisha kanuni ya nyenzo, lakini siku mwalimu alipoiandika ubaoni tulikuwa tumeshaikalia. Tulijua pia kwamba aliye nchani huenda kasi kuliko aliye karibu na kisiki ingawa gogo ni hilohilo na mzunguko ni huohuo. Leo nikifundisha mwendo wa mduara bado nawaambia wanafunzi walifikirie gogo lile.

Pembea za mbao na chuma za mafundi tulizisikia kwanza, tukaziona baadaye. Barabara ya Tunduma ilipokuwa ya vumbi, mashine kubwa ya kuzunguka haikuwa kitu cha kupakiwa kwenye lori ije Sumbawanga. Waliobahatika kufika Mbeya wakati wa Nanenane, kwenye viwanja vya John Mwakangale ambako mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini hukutana, walirudi na habari za ng'ombe wa maziwa, mbegu mpya na trekta. Watoto waliofuatana nao walirudi na habari nyingine kabisa, na hao ndio tuliowazunguka kuwasikiliza.

Sasa nishuke Pwani, maana huko ndiko pembea ilikoota mizizi ya kweli katika maisha ya watu wetu wa Afrika Mashariki.

Katika mji wa Mombasa, Idd ikifika, viwanja vya Makadara karibu na Mji wa Kale hugeuka. Jioni baada ya jioni familia humiminika: mama na buibui lake, baba na mtoto begani, mabinti na hina mikononi ambayo haijapoteza wekundu. Kuna viazi vya karai, mishikaki, mihogo, achari ya embe, mabuyu yaliyotiwa rangi. Na katikati ya moshi na harufu zote hizo kuna pembea za mbao na chuma zinazozungushwa kwa mikono. Vijana wenye misuli husukuma, hukimbia nazo, kisha huziacha zijiendeshe. Mtoto huja na fedha alizopewa za mkono wa Idd, amezifunga kwenye kitambaa au amezikamata kiganjani hadi zimelowa jasho. Hizo ni fedha zake. Mara nyingi ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mtoto wa nyumba ya kawaida huamua mwenyewe jinsi ya kuzitumia, na huamua kuzunguka.

Unguja sikukuu ina siku nne, mosi hadi nne, na kila siku ina nguo yake kwa mwenye uwezo. Viwanja vya Mnazi Mmoja vimepokea watoto wa Idd kwa vizazi. Mahali hapo panastahili kutazamwa vizuri. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, baadaye ukafukiwa. Upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili nyumba za udongo na makuti, na utawala wa kikoloni ulipenda tofauti hiyo ibaki. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam nayo ilipimwa ili iwe nafasi tupu kati ya sehemu za Wazungu na Wahindi na zile za Waafrika kule Kariakoo. Viwanja vilivyowekwa ili watu wasichanganyike ndivyo watu walivyovifanya mahali pa kukutania. Sijui ushindi mkubwa zaidi wa watu wa kawaida dhidi ya ramani ya mkoloni kuliko mtoto wa Ng'ambo na mtoto wa Mji Mkongwe kukaa kwenye mti mmoja wa pembea wakizungushwa pamoja.

Baadaye Zanzibar ikapata viwanja vya kufurahishia watoto vyenye mashine za kudumu: Kariakoo kwa Unguja, Tibirinzi kwa Pemba. Vilichakaa, chuma kikaliwa na chumvi ya bahari, na katika miaka ya karibuni vikajengwa upya na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Ninaupenda uamuzi huo. Akiba ya uzeeni ya wafanyakazi ikawekwa kwenye pembea za wajukuu wao. Wapo wanaosema fedha za pensheni zina kazi nzito zaidi, nami nawaelewa, lakini wazee wenyewe ndio wanaowapeleka wajukuu pale siku ya Idd pili.

Wakazi wa Nairobi wa umri wangu watataja pembea za Luna Park, na Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969. Luna Park nayo wanaikumbuka kwa sababu familia zilianzia bustanini, pasipo kiingilio, zikala chakula chao kwenye majani, na waliokuwa na senti wakaenda kupanda.

Nimeonyesha kwamba Pwani pembea huenda na sikukuu. Hapa naomba mnivumilie niende mbali kidogo, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba vitu hivi vililetwa na Wazungu na kwamba sisi tuliviiga. Habari za zamani zinasema vingine. Mwaka 1615 Mwitalia Pietro Della Valle alikuwa Constantinople, Istanbul ya leo, Ramadhani ikiadhimishwa. Akakuta magurudumu makubwa ya kuzungusha watu juu na chini, akapanda, na aliandika kwamba alifurahi. Miaka mitano baadaye, 1620, Mwingereza Peter Mundy akipita katika nchi zilizokuwa chini ya Waturuki alifika Philippopolis, mji ambao leo ni Plovdiv wa Bulgaria. Alieleza na kuchora pembea za Idd alizoziona: ya kamba, gurudumu lililosimama lenye viti vinavyobaki wima wakati gurudumu likizunguka, na gurudumu lililolala ambalo watoto walikaa pembeni yake wakazungushwa. Hizo tatu ndizo tunazozijua hadi leo. Mwenye kusikiliza vizuri atatambua gogo letu la kisiki katika ile ya tatu.

Kwa hiyo mtoto wa Makadara anayepanda pembea siku ya Idd hafuati mtindo wa Marekani. Yumo katika desturi ya sikukuu ya Kiislamu yenye zaidi ya miaka mia nne katika maandishi, na bila shaka mingi zaidi nje ya maandishi. Na watoto wetu wa Ufipa, wengi wao Wakristo, waliotoboa gogo bila kumwona Mturuki wala Mzungu, wana haki yao pia katika historia hii.

Pembea za farasi wa mbao zilikuja kwa njia nyingine. Huko Ulaya mabwana wa vita walikuwa wakicheza mchezo wa kukimbiza farasi na kuchoma pete kwa mkuki, na Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifanya maonyesho makubwa ya aina hiyo Paris mwaka 1662. Ili kujifunza bila kumchosha farasi wa kweli, walitengeneza farasi wa mbao waliofungwa kwenye mihimili iliyozunguka nguzo. Silaha zikaachwa, watoto wakabaki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 injini ya mvuke ikafungwa katikati, na mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Frederick Savage wa King's Lynn, Uingereza. Wakulima wa Malangali wasikilize hapa: Savage alianza kwa kuunda zana za kilimo. Mashamba yalimpa ujuzi wa injini, magurudumu na mihimili, na ujuzi huo akaupeleka kwenye viwanja vya sikukuu. Pembea za aina hiyo zina mihimili ya juu iliyopindwa kama goti. Mhimili ukizunguka, goti humnyanyua farasi na kumshusha, hivi kwamba mtoto huona anakimbia kwa shoti. Mbao huchongwa na kupakwa rangi, kwato, shingo, manyoya. Upande wa farasi unaotazama watu huchongwa kwa umaridadi zaidi kuliko ule unaotazama ndani.

Jambo hilo la mwisho linanigusa kwa sababu linaonyesha fundi alimfikiria nani. Alimfikiria anayepanda, ndiyo, lakini alimfikiria pia aliyesimama pembeni bila nauli.

Na tufike kwenye kiini cha furaha yenyewe. Mashine za siku hizi zinazorusha watu juu au kuwatumbukiza chini humtoa mpandaji kwa watu wake. Anafumba macho, anapiga kelele, anashuka, anatetemeka. Pembea ya kuzunguka hufanya kinyume: inamwondoa mtoto kwa mama yake, kisha inamrudisha, kisha inamwondoa tena. Kila mzunguko mama yupo palepale. Mtoto anapunga mkono, mama anapunga, mtoto anapotea nyuma ya nguzo, anatokea tena akiwa tayari amenyanyua mkono. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni jambo kubwa sana. Amekwenda peke yake na hakuachwa. Ndiyo maana siamini kwamba pembea ya zamani ni ya polepole kwa sababu mafundi hawakujua kasi. Ipo polepole kiasi cha uso kutambulika.

Mwendo huo hauwezekani pasipo nafasi. Lazima pawe na mduara wa watu wanaotazama, na lazima mduara huo uwe wazi kwa yeyote. Narudi kwenye hoja yangu ya kiwanja, na nitatumia miji miwili.

Vienna, mji mkuu wa Austria, ulikuwa na msitu wa uwindaji wa wafalme uitwao Prater. Mwananchi hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1766 Kaisari Joseph II aliufungua kwa watu wote. Hakuleta pembea. Alifungua lango tu. Wauza kahawa wakaja, wapiga muziki wakaja, pembea zikaja, farasi wa mbao wakaja, na zaidi ya miaka mia baadaye, 1897, likasimamishwa gurudumu kubwa la karibu mita 65 ambalo bado linazunguka. Vita vya Pili vya Dunia viliunguza gurudumu lile mwaka 1944. Watu wa Vienna, waliokuwa na njaa na nyumba zilizobomoka, walilitengeneza likarudi kazini mwaka 1947, likiwa na nusu tu ya vibanda vyake, 15 badala ya 30. Hawakungoja wamalize kujenga kila kitu kingine kwanza.

Chicago mambo yalikwenda tofauti. Mhandisi George Ferris alijenga kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1893 gurudumu lililofika mita 80 kwenda juu, vibanda 36, kila kimoja kikibeba watu 60. Dunia ilistaajabu. Lakini gurudumu lile lilikuwa la maonyesho, halikuwa la kiwanja chenye watu wake. Maonyesho yalipokwisha likahamishwa likasimamishwa sehemu nyingine ya mji, likakosa wapandaji, likauzwa, likapelekwa St. Louis kwa maonyesho ya 1904, na mwaka 1906 likalipuliwa kwa baruti na kuuzwa kama vyuma chakavu. Ferris mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1896, akiwa na miaka 37 tu. Lile la Vienna ni fupi kuliko lake, na lipo.

Wamarekani wengine walijifunza. Katika mji mdogo wa Oak Bluffs, jimbo la Massachusetts, kuna pembea ya farasi wa mbao iliyotengenezwa mwaka 1876 na kupelekwa pale 1884. Miaka ya 1970 na 1980 pembea nyingi za namna hiyo zilifumuliwa, farasi mmoja mmoja akauzwa mnadani kwa matajiri wa kupamba sebule. Hii ya Oak Bluffs ingekwenda njia hiyo. Mwaka 1986 taasisi ya wenyeji ya kuhifadhi majengo ikainunua, na watoto wanaendelea kuipanda. Farasi aliyesimama sebuleni kwa mtu ni mzuri wa kutazama, lakini kazi yake imekwisha siku alipong'olewa kwenye mduara.

Sasa turudi Ufipa, na naomba vijana wa karakana mnisikilize.

Wazee wetu waliyeyusha chuma katika nchi hii. Malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu mrefu, baadhi yake bado zimesimama vichakani na mashambani. Zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuru ndogo, huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kisha mhunzi akafua jembe. Majembe ya Wafipa yalisafiri mbali. Biashara ya majembe ya kiwandani kutoka nje ilikuja ikaizima kazi hiyo. Nasema haya kwa sababu mara nyingi nikitaja pembea ya chuma mtu huniuliza itanunuliwa nchi gani. Kwa nini inunuliwe? Katika miji mingi ya Tanzania mafundi wa kuchomelea wanatengeneza pembea za kuzungusha kwa mkono kutoka kwenye vitu vilivyomo humu humu mjini: hab na ekseli ya gari iliyosimamishwa wima ikawa nguzo, beringi zake zikapakwa grisi, mabomba ya chuma yakawa mikono, viti vikachomelewa vikawa na umbo la gari, ndege au farasi, na rangi zilizobaki kwenye makopo zikamaliza kazi. Siku ya Krismasi au Idd mwenye pembea huisukuma hadi mahali palipo na watoto, anaegesha, anaita. Fundi wa Sumbawanga anayeweza kuunda tela la trekta anaweza kuunda pembea. Savage wa King's Lynn alipita njia hiyohiyo.

Usalama tusiufanyie mzaha. Viungo vikaguliwe kabla ya kila sikukuu, nati zifungwe na kutiwa pini, kila kiti kiwe na mnyororo wa kiunoni, na pembea izungukwe na uzio mdogo ili mtoto anayekimbilia zamu yake asigongwe na kiti. Anayezungusha asiwe amekunywa. Hayo ni machache na yanawezekana.

Linalonitia hofu kweli ni ardhi. Sumbawanga ya leo si ile ya mwaka 1974, mkoa wa Rukwa ulipozaliwa. Lami imefika, wageni wamekuja, viwanja vinapimwa kila upande, na kila nafasi tupu ina mtu anayeitazama kwa jicho la kibanda, gereji au nyumba ya kulala wageni. Eneo la wazi halina mwenye kulitetea kwa sauti, kwa sababu mwenyewe ana umri wa miaka saba na hajui ofisi ya ardhi ilipo. Linaanza kwa rundo la matofali ya mtu mmoja "kwa muda". Halafu uzio wa mabati. Halafu msingi. Tumeona katika miji mikubwa jinsi maeneo yaliyochorwa kijani kwenye ramani yalivyokuja kuwa na ghorofa, na jinsi ilivyo vigumu kuyarudisha. Watoto wakahamia barabarani, wanacheza chandimu kati ya bodaboda.

Tunao Uwanja wa Nelson Mandela, nami naufurahia kila timu zetu zinapocheza. Lakini uwanja wa mpira una geti, ratiba na mstari wa chokaa. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni na wa miaka sita mkononi hana nafasi pale siku ya kawaida. Anahitaji mahali pa karibu, anapoweza kufika kwa miguu kutoka Malangali, akakaa kwenye kivuli na jirani yake wakichambua maharage huku wakiwatazama watoto.

Na hili si ombi la huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu kinachoorodhesha wajibu wa mzazi, inaweka haki ya kucheza na kupumzika mstari mmoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mzazi anawezaje kutimiza wajibu huo kama mtaa hauna kiwanja? Sheria imempa deni ambalo peke yake hawezi kulilipa. Lazima mji ulilipe pamoja naye.

Baba Paroko na Sheikh, nina neno kwenu pia. Katika mji huu sikukuu zenu huishia mapema mno. Ibada ikimalizika, wakubwa huenda kwenye chakula na watoto hubaki na nguo mpya wasizojua pa kuzipeleka. Wanazunguka barabarani hadi jioni. Wazee wetu wa Pwani walikwisha kuligundua hilo zamani: walihakikisha kwamba mchana na jioni ya sikukuu vina mahali. Ninatamani Krismasi ya Malangali iwe na mahali, na Pasaka, na Idd zote mbili, na Nanenane kwa ajili ya wote ambao nauli ya kwenda Mbeya haipatikani. Mtoto wa Kiislamu apande siku ya Krismasi na mtoto wa Kikristo apande siku ya Idd, kama ambavyo tayari wanagawana pilau na soda.

Basi, Mheshimiwa Diwani, naweka mbele yako mapendekezo yangu ili yafike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kwanza eneo moja la wazi lililosalia katika kata hii lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka na lisajiliwe kwa jina la umma kabla ya msimu ujao wa kujenga. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Miti ipandwe upande wa upepo, maana baridi ya Juni na Julai ya Ufipa mnaijua. Vibao vya kukalia viwe vingi kuliko mashine. Kuhusu pembea yenyewe, wapo mafundi katika ukumbi huu walioniambia kwamba viti vinane vinawezekana kwenye ekseli moja ya lori, na kwamba wako tayari kutoa kazi yao endapo kata itachangisha vyuma. Kiingilio cha kiwanja kisiwepo kabisa. Nauli ya kupanda iwe ndogo, imlipe kijana anayezungusha na inunue grisi, na mzunguko wa kwanza wa kila sikukuu uwe bure kwa watoto wote watakaopanga foleni.

Kisiki na gogo navyo viwekwe pembeni, kwa watakaopenda kujaribu. Nitachonga mwenyewe.